Fumbo langu la vipande vitano lina majawabu mawili: nimekosea wapi?

Mwalimu wa Miraba aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninafundisha hisabati sekondari, na kila Ijumaa baada ya vipindi ninasimamia klabu ndogo ya mafumbo. Mwezi huu nimeamua kuacha kunakili mafumbo ya watu na kutunga langu mwenyewe, nikidhani kwamba kazi hiyo ni nyepesi kuliko ilivyo.

Vipande ninavyotumia ni vile vitano vinavyopatikana kwa kuunganisha miraba minne ubavu kwa ubavu: I ni miraba minne iliyonyooka, O ni mraba mkubwa wa mbili kwa mbili, T, L, na S ambacho ni kama ngazi yenye daraja moja. Ubao ni wa tano kwa tano, safu zake nimezipa herufi A hadi E kutoka kushoto, na mistari nimeipa namba 1 hadi 5 kutoka juu. Miraba mitano nimeiziba (alama ya #), ikabaki ishirini ambayo vipande vyote vitano, kila kimoja mara moja tu, vinatakiwa kuijaza bila kupandana.

```
   A B C D E
1  . . . . #
2  . . . # .
3  . . . . .
4  . . . . .
5  # . . # #
```

Jawabu nililokusudia ni hili:

```
I I I I #
L O O # T
L O O T T
L L S S T
# S S # #
```

Kabla ya kulipeleka darasani nilikaa nalo jioni mbili nikijaribu kulivunja. Nilianzia mraba E2, kwa sababu una jirani mmoja tu, E3, nikaona kwamba kipande pekee kinachoweza kukaa pale bila kuharibu sehemu nyingine ni T. Kutoka hapo mambo mengine yote yalifuatana, nami nikaridhika kwamba jawabu ni moja. Ijumaa iliyopita msichana mmoja wa kidato cha pili aliniletea hili, amelichora vizuri kabisa kwenye daftari:

```
I I I I #
O O L # T
O O L T T
S S L L T
# S S # #
```

Nimelikagua mara tatu na halina kasoro. Je, hoja yangu iliteleza wapi, na mtunzi anafanya nini ili ahakikishe kwamba fumbo lake lina jawabu moja tu?

Kalamu ya Risasi alijibu:

Mwalimu, shikamoo. Mwanafunzi wako amekuhurumia, kwa maana angeweza kukuletea mengine matatu. Nimekaa na karatasi ya miraba usiku huu, na ubao wako una majawabu matano. Mawili unayo, haya ndiyo yaliyobaki, nayapa namba 3, 4 na 5:

```
3            4            5
I I I I #    I I I I #    I I I I #
L L L # T    O O T # L    T S S # L
O O L T T    O O T T L    T T S S L
O O S S T    S S T L L    T O O L L
# S S # #    # S S # #    # O O # #
```

Ulianzia mahali sahihi. Kipande kinachofunika E2 lazima kifunike na E3, na baada ya hapo kuna njia nne tu. Ukiweka S inayoshukia D3 na D4, mraba E4 unabaki peke yake. Ukiweka L inayolala hadi C3, basi E4 inalazimika kukimbilia D4 na C4, na hatimaye I inakata mstari wa nne na kuacha B5 na C5 bila mlango. Njia hizo mbili zinakufa. Iliyobaki ni T yako, pamoja na L inayoshuka E2, E3, E4 kisha ikakunja kushoto kwenye D4. Hiyo ya mwisho huonekani kuifikiria, nayo ndiyo inayozaa jawabu la 4 na la 5. Tena hata ndani ya tawi la T mambo hayakufuatana kama unavyosema, kwa kuwa linazaa majawabu matatu, likiwemo la mwanafunzi wako.

Kuhusu namna ya kurekebisha, mimi nafanya hivi. Nayapanga majawabu yote mbele yangu, halafu naangalia mraba mmojammoja na kujiuliza unabeba herufi gani katika kila jawabu. Mstari wa kwanza hauna faida yoyote hapa, kwa sababu I imekaa pale katika majawabu yote matano. Ukimpa mtu kidokezo kwenye mraba B1, umempa hewa. Lakini tazama C2: katika jawabu lako una O, katika la pili na la tatu una L, katika la nne T, na katika la tano S. Kwa hiyo ukichapa herufi O ndani ya C2, majawabu manne yanaanguka kwa mpigo na linabaki lako. Ukisogea hatua moja tu kushoto na kuichapa O hiyohiyo kwenye B2, yanabaki matatu. Hapo ndipo utunzi ulipo, yaani kuchagua mraba ambao herufi yako iko peke yake.

Naipenda zaidi O ya C2 kwa sababu ya njia inayomfungulia anayefumbua. Mraba D2 umezibwa, hivyo O inaweza kupanda kwenye B1 na C1 au kushuka kwenye B3 na C3. Ikipanda, D1 inabaki kisiwa, basi inashuka. Sasa D1 haina pa kwenda isipokuwa kunyooka hadi A1, nayo ni I. A2 inashuka hadi A4 na kulazimika kukunja kwenye B4, nayo ni L. B5 inapita C5, inapanda C4, inaishia D4, nayo ni S. Kilichobaki ni T, wala hukubahatisha hata mara moja.

Bi Hesabu aliandika:

Nawasalimu nyote. Kalamu ya Risasi amehesabu vizuri, lakini nadhani amemwonea Mwalimu kidogo. Nimeyatazama majawabu yote matano nikiwa na swali jingine kichwani: vipande vimekaa upande gani?

L ya Mwalimu ina kiatu kinachoelekea kulia, na S yake ina daraja la juu upande wa kulia. Ukikizungusha kipande mezani bila kukiinua, sifa hiyo haibadiliki. Ili uibadilishe ni lazima ukiinue na kukipindua, kama mtu anayegeuza chapati. Sasa kagueni. Katika jawabu la pili, L ni ileile lakini S imepinduliwa. Katika la tatu, S ni ileile lakini L imepinduliwa. Katika la nne na la tano, zote mbili zimepinduliwa. Maana yake ni kwamba, kama kupindua kumekatazwa, ubao huu una jawabu moja tu, nalo ni la Mwalimu.

Waliocheza Tetris, ule mchezo wa kompyuta wa kupanga vipande vinavyoshuka, wanalijua jambo hili hata kama hawajalipa jina. Kule vipande vya miraba minne ni saba, kwa sababu kwenye kioo huwezi kupindua kitu, na L inayotazama kushoto inahesabiwa kuwa kipande kingine kabisa, na vivyo hivyo S iliyopinduliwa. Ukiruhusu kupindua, saba hao wanakuwa watano. I, O na T hazina shida hiyo, kwa kuwa zikipinduliwa zinabaki vilevile.

Kwa hiyo swali langu kwa Mwalimu ni hili: ulipokuwa ukilivunja fumbo lako hizo jioni mbili, ulikuwa unachora au ulikuwa unashika vipande mkononi?

Mwalimu wa Miraba alijibu:

Bi Hesabu, umenikamata. Nilikuwa nashika vipande. Nilivikata kutoka kwenye boksi la sabuni, ambalo upande mmoja lina picha na maandishi ya kiwandani na upande wa pili ni kahawia mtupu. Niliandika herufi kwa kalamu upande wa kahawia, na tangu hapo, bila hata kufikiri, nimekuwa nikiviweka kahawia ikiwa juu. Ndiyo sababu ile L inayokunja kushoto kwenye D4 haikunijia kamwe: mkono wangu haukuwa nayo. Wanafunzi walipewa karatasi na penseli, na karatasi haina picha ya sabuni upande wa nyuma. Sheria ilikuwa kichwani mwangu, na kwenye fumbo sikuiandika.

Kalamu ya Risasi, marahaba, na ahsante kwa kazi yako. Nimeirudia yote na nimefika kwenye hayo hayo matano. Basi sasa nina njia mbili, ama niandike kwamba kupindua ni marufuku, ama niweke O kwenye C2. Mngechagua ipi?

Naomba pia kuongeza swali la pembeni. Kabla ya ubao huu nilitaka wajaze mstatili wa nne kwa tano usiozibwa popote, kwa kuwa miraba yake ni ishirini barabara. Sikufanikiwa, nao hawakufanikiwa, tukaachana nao. Je, tulikosa subira?

Fundi Drafti aliandika:

Mwalimu, nianze na hilo la pembeni, kwa sababu wanafunzi wako walihangaika bure na wana haki ya kujua. Mstatili wa nne kwa tano hauwezi kujazwa na vipande hivyo vitano, hata mkikaa hadi alfajiri. Upake rangi kama ubao wa drafti, mraba mweusi na mweupe kwa zamu: utapata weusi kumi na weupe kumi. Sasa weka kipande kimoja kimoja. I inafunika weusi wawili na weupe wawili, popote utakapoiweka. Vivyo hivyo O, L na S. T peke yake inafunika watatu wa rangi moja, ile iliyo mikononi mwake na mguuni, na mmoja wa rangi ya pili ulio katikati. Jumla ya vyote vitano, basi, ni kumi na moja kwa tisa, na haiwezi kuwa kumi kwa kumi.

Hesabu hiyohiyo inakuambia ni miraba gani uizibe kwenye ubao wa tano kwa tano kabla hujapoteza jioni hata moja. Ubao huo una miraba 13 ya rangi ya pembeni, yaani rangi ya A1, na 12 ya rangi ya pili. Ili ibaki kumi na moja kwa tisa, itabidi zibo zako, yaani miraba unayoiziba, ziwe ama nne za rangi ya pembeni na moja ya rangi ya pili, ama mbili kwa tatu. Ulizoziba wewe ni E1, D2, A5 na E5, ambazo zote ni za rangi ya pembeni, na D5 ambayo si ya rangi hiyo. Umeangukia nne kwa moja, na sijui kama ulijua. Mtu anayeziba ovyo atajikuta mara nyingi anatafuta jawabu lisilokuwepo. Vipande vya miraba sita navyo vina balaa hili: viko 35, jumla ya miraba yake ni 210, na hakuna mstatili wowote wa miraba 210 vitakaoujaza, kwa kuwa 11 kati yake vinagawanya rangi nne kwa mbili, na idadi hiyo ni witiri, hivyo haviwezi kusawazishana.

Kuhusu njia mbili zako, mimi naegemea O ya C2, na sababu yangu ni karatasi. Marufuku ya kupindua ni sheria nzuri kwa mtu mwenye kipande mkononi, lakini anayechora kwa penseli analazimika kuibeba kichwani katika kila hatua, na akikosea hatajua amekosea wapi. Atakuletea jawabu la pili, na mtagombana. O ya C2 inafanya kazi ukipindua na usipopindua. Tena fumbo lenye jawabu moja ambalo halifikiki ila kwa kujaribu njia zote hadi mwisho silipendi, hata kama kihesabu halina kosa. Ningetaka anayefumbua aone kwa nini.

Ungejifunza pia kutazama mahali ambapo ubao wako ni mwembamba. Vipande vya miraba mitano, ambavyo viko 12 na vinafunika miraba 60, vina majawabu 2,339 katika mstatili wa 6 kwa 10. Ukiurefusha uwe 5 kwa 12 yanakuwa 1,010. 4 kwa 15 yanakuwa 368. Na 3 kwa 20 yanabaki mawili tu. Vipande ni vilevile na eneo ni lilelile, ila nafasi imebanwa. Kwenye ubao wako D1 na E2 ni vichochoro vyenye mlango mmoja, na ndivyo vinavyofanya kazi. Tatizo lako lilikuwa kule kushoto, kuanzia A2 hadi C4, ambako kuna uwanja wa tatu kwa tatu ambamo vipande vinabadilishana viti wapendavyo. Zibo moja au herufi moja iliyopandwa katikati ya uwanja ina nguvu kuliko tatu zilizopandwa pembezoni.

Na kama una kompyuta, usiione haya. Tatizo hili linaandikwa hivi: kila namna ya kuweka kipande ni mstari wa jedwali, kila mraba na kila kipande ni safu, nawe unatafuta mistari itakayogusa kila safu mara moja tu. Donald Knuth, mtaalamu wa sayansi ya kompyuta, alieleza mwaka 2000 mbinu nadhifu ya kuipekua jedwali hiyo, ambamo viungo vinachomolewa na kurudishwa mahali pake kila unaporudi nyuma, na ubao wako programu ya namna hiyo itaumaliza kabla hujaweka kikombe mezani. Lakini itakupa idadi, haitakuambia kama njia ya kulifikia jawabu inapendeza.

Kalamu ya Risasi aliongeza:

Nakubaliana na Fundi Drafti, ila sitaki Mwalimu autupe ubao wake baada ya fumbo moja. Unabeba la pili, gumu kidogo, kwa wale wanaomaliza mapema. Futa O ya C2, na badala yake chapa S kwenye D3. Katika majawabu matano, D3 ni T mara nne na ni S mara moja tu, katika lile la tano.

Uzuri wake ni kwamba S inaweza kuifunika D3 kwa njia saba, na sita zinakufa papo hapo. Mbili zinaacha E2, E3 na E4 zikiwa tatu peke yake. Moja inaacha E2 na E3. Moja inaacha E2. Moja inaacha E4. Na moja inafungia B5 na C5. Mwanafunzi akizipata hizo sita na kuziandikia kila moja kwa nini haifai, hata kabla hajagusa kipande cha pili, mimi ningempa alama zote. Baada ya hapo I inalazimika juu, L inalazimika kulia, na mgogoro pekee uliobaki ni T na O upande wa kushoto, ambao unaisha kwa kuitazama A2.

Bi Hesabu aliandika:

Hilo ni zuri, na nitalichukua kwa ajili ya watoto wa dada yangu. Mwalimu, angalia jambo moja tu kabla hujachapa. Jawabu la tano lina L iliyopinduliwa na S iliyopinduliwa. Ukiacha kwenye karatasi ile sentensi ya kukataza kupindua, halafu ukaweka S kwenye D3, fumbo halitakuwa na jawabu hata moja.

Mwalimu wa Miraba alijibu:

Nimeifuta sasa hivi, Bi Hesabu. Ilikuwa tayari kwenye rasimu. Karatasi ya Ijumaa itakuwa na ubao huo mara mbili, O ya C2 juu na S ya D3 chini, na juu yake nimeandika kwa herufi kubwa kwamba kuzungusha na kupindua vyote vinaruhusiwa. Mstatili wa nne kwa tano nitaurudisha pia, ila safari hii nitawapa na penseli mbili za rangi, na swali litakuwa kwa nini haujazwi.

Yule msichana nimemwomba ayatafute yale matatu mengine bila kumwambia kwamba ni matatu.